Ukurasa wa Kwanza

Nimeona ratiba nyingi za mazoezi ya muziki, lakini ya yule kijana wa Manika, hapa Kolwezi, ndiyo iliyopendeza kuliko zote. Aliichora kwa rula kwenye daftari la shule, kwa kalamu za rangi tatu. Nyekundu ilikuwa sonatina ya Clementi, bluu prelyudi ya Chopin, kijani Ave Maria ya Schubert, ambayo angempigia mwimbaji. Wiki nane, siku sita kwa wiki, saa moja na nusu kila jioni kuanzia saa kumi na mbili. Chini kabisa alijumlisha, akapiga mistari miwili: saa 72.

"Sabini na mbili, Mwalimu," aliniambia. "Kwa saa hizo hata jiwe lingejua kupiga."

Nikaisifu ratiba. Hilo lilikuwa kosa la kwanza katika kisa hiki, na lilikuwa langu.

Jina lake naliacha, maana bado yuko Kolwezi na bado anapiga kinanda kila Jumapili. Alijifunza kanisani, kama wengi wetu, kwenye kinanda cha umeme chenye vibao 61. Kinanda cha nyumbani kwao kilinunuliwa na nkambo wake, ndivyo tunavyomwita babu huku, kwa sehemu ya fedha alizopewa wakati kampuni ya madini ya Gécamines ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wengine walinunua mashamba au mashine za kusaga. Mzee huyu alinunua pia kinanda, akachekwa mtaani, lakini mashine nyingi za kusaga za wakati ule zimekwisha kufa na kinanda kingali kinalia.

Onyesho alilokuwa akilifanyia mazoezi lilikuwa Lubumbashi, kilomita kama 300 kutoka kwetu, katika ukumbi wenye piano ya kweli, ile ya mbao na nyuzi, vibao 88. Kijana hakuwahi kuigusa piano ya namna hiyo. Ratiba yake haikulitaja jambo hilo popote, wala mimi sikulitaja.

Kwanza ulikuja umeme, yaani haukuja. Kolwezi si mji uliosahauliwa na nyaya. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yamejengwa kwenye mto Lualaba karibu nasi, na laini kubwa itokayo bwawa la Inga, yenye urefu wa kilomita kama 1,700, iliishia hapa hapa mwaka 1982. Ila ililetwa kwa ajili ya migodi. Mitambo ya shaba na kobalti hunywa kwanza, mitaa hunywa yanayobaki, na mtaani kwao jioni ndiyo saa ya delestaji, yaani mgao wa umeme. Saa kumi na mbili, wakati ratiba inasema nyekundu, nyumba nzima ilisema nyeusi. Kila siku aliyoikosa aliitia alama ya msalaba, kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto mwaminifu, alilipa deni: saa zote za juma alizifunga pamoja akazipiga Jumapili baada ya ibada, saa nne, wakati mwingine tano, mfululizo.

Nilimwambia siku moja, "Umeme ukienda washa mshumaa, tandika karatasi mezani, upige juu ya meza."

"Mezani hakuna sauti, Mwalimu."

Ndiyo, hakuna, na hiyo ndiyo faida yake. Mkono usiposikia kitu, kichwa kinalazimika kuimba. Mtu anayeweza kuuimba mkono wa kushoto peke yake, gizani, bila kinanda, huyo wimbo ameshaumeza. Lakini nilisema mara moja nikanyamaza, na yeye aliona ni maneno ya mzee anayejaribu kumfariji kwa sababu hakuna mwanga.

Hesabu ya deni nayo ilikuwa mbovu. Kumbukumbu hailipwi kwa mkupuo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana yoyote, na mwaka 1885 akachapisha aliyoyaona: kazi iliyogawanywa katika siku kadhaa hukaa kichwani kuliko kazi ile ile iliyorundikwa siku moja. Anayepika ugali analijua hilo bila Ebbinghaus. Huwezi kuacha kula siku tano, halafu Jumapili ukala sahani kumi ukasema umefidia. Chopin naye, kwa masimulizi ya wanafunzi wake, hakutaka mtu apige zaidi ya saa tatu kwa siku. Na huyo alikuwa anafundisha watu wenye piano sebuleni na mishumaa isiyokatwa na mtu yeyote.

Lakini umeme tuuache. Ungekuwepo kila jioni, kisa kingeisha vile vile, kwa sababu tatizo lilikuwa ndani ya zile saa zenyewe.

Alikuwa akikaa, anafungua ukurasa wa kwanza, anaanza. Clementi ilikwenda vizuri. Akifika ukurasa wa tatu, sehemu ile ya mwisho ya mwendo wa haraka, mkono wa kushoto unateleza. Anaguna, anarudi ukurasa wa kwanza. Anateleza tena pale pale, anarudi tena. Akiteleza mara tano kabla ya kuvuka, ukurasa wa kwanza umepigwa mara sita na wa mwisho mara moja. Izidishe kwa siku 30 alizopata umeme: mara 180 dhidi ya mara 30. Ukurasa wa kwanza ulikuwa kama kifungua mimba wa nyumba ile: unaogeshwa, unavishwa, unapelekwa kanisani. Ule wa mwisho ulilelewa na majirani.

Na mimi? Kila Jumamosi alipokuja kwangu, nilikaa kwenye kiti changu nikasema, "Haya, anza." Akaanza. Anzia wapi tena? Mwanzo. Tuliusikiliza ukurasa wa kwanza, tukaujadili, tukaunyoosha hapa na pale, saa ikaisha. Niliandika kwenye daftari lake, "Vizuri."

Jambo hili linaniuma zaidi kwa sababu ya mji wenyewe. Kolwezi imejengwa juu ya swali moja: madini yako wapi? Kampuni haileti mtambo mkubwa mpaka wajiolojia wametoboa ardhi, wametoa vipande virefu vya mawe, wamevipanga kwenye masanduku na kuvisoma kimoja kimoja. Ndipo wanaamua kuchimba hapa, si pale. Hata wachimbaji wadogo wasio na sanduku wala cheti wanalijua. Katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba ya mtu, watu walichimba ndani ya viwanja vyao, wengine ndani ya vyumba vyao, wakiufuata mshipa unakokwenda. Mengi ya kusikitisha yametokea Kasulo, na siusifu uchimbaji ule. Ila sijasikia mtu wa Kasulo aliyesema, "Mimi nitachimba saa moja na nusu kila siku, popote." Mtoto wa mji huu, mjukuu wa mtu wa Gécamines, alipanga saa 72 za kuchimba, wala hakuuliza mshipa uko wapi.

Ningekuwa na akili niliyonayo leo, wiki ya kwanza ningemwambia apige yote mara moja, taratibu, bila kurudi nyuma, nami nikae na penseli. Kila mahali mkono unapopunguza mwendo, alama. Kila mahali pumzi inapokatika, alama. Mwisho tungekuwa na alama kumi au kumi na mbili, na hizo ndizo zingekuwa ratiba. Jumatatu alama mbili, Jumanne mbili nyingine na zile za jana kidogo. Dakika ishirini zingetosha, na dakika ishirini Kolwezi hata umeme wa kuibia unaweza kukupa.

Halafu ningemfanya aanze na vipimo vinne vya mwisho. Akishavijua, vinne vilivyo kabla yake, kisha vinane kwa pamoja, na kurudi nyuma hivyo hivyo mpaka mwanzo. Anayejifunza kutoka mbele kila hatua inampeleka asikokujua, na hofu inaongezeka kadiri anavyokaribia mwisho. Aliyejifunza kutoka nyuma, kila hatua inampeleka mahali alipopazoea, kama mtu anayerudi nyumbani jioni. Na kila vipimo vinane ningeweka mlango, mahali ambapo ukianguka unaweza kuingilia tena. Kijana huyu alikuwa na wimbo wenye mlango mmoja.

Ule mkono wa kushoto nao haukuwahi kusafiri peke yake. Huku kwetu hilo ni aibu. Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Bunkeya, ambayo leo iko ndani ya mkoa wetu huu wa Lualaba, alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Katika wimbo wake Masanga gitaa moja linasikika kama mawili: gumba lina safari yake, kidole cha shahada kina safari yake, vinakutana vinapotaka. Mpe mtoto gitaa umfundishe namna ile, utaanza na gumba, utalisubiri gumba hata wiki mbili. Kwenye piano tunadhani mkono wa kushoto utajifunza wenyewe kwa kuufuata ule wa kulia, kama mbwa anayemfuata mwenye mkuki.

Sasa nije kwenye kitufe, ambacho ndicho kilichotuaibisha kabisa.

Wapiga vinanda wa makanisani wanakijua. Kiko juu, upande wa kushoto, nao wanakiita transpozi. Unapiga kila kitu katika do, kwenye vibao vyeupe, kisha kitufe kinapandisha au kushusha sauti kufuata koo la mwimbaji. Mama fulani ameanzisha pambio katika la bemoli, wewe unabonyeza mara nne kushusha, unaendelea na do yako. Silaumu. Ibada haingoji mtu ajifunze bemoli nne. Lakini kitufe kile ni gongo, na aliyezoea gongo husahau kwamba mguu ulikuwa na kazi.

Ave Maria ya Schubert, aliyoitunga mwaka 1825, iko katika si bemoli. Kijana aliisoma katika do, akashusha mbili, ikatoka si bemoli safi. Mwimbaji, dada mmoja wa kwaya ambaye wote tunamwita Yaya, alifanya naye mazoezi mwezi mzima. Mimi nilikuwepo mara kadhaa. Sikio langu lilisikia si bemoli, macho yangu yalikuwa kwa Yaya, maana pumzi yake ilikuwa inanisumbua. Sikuangalia mikono ya mtoto hata mara moja. Yeye mwenyewe hakuficha kitu. Kubonyeza mara mbili kushusha ilikuwa kama kuvua viatu mlangoni. Nani anatangaza kwamba amevua viatu?

Wiki ya mwisho alipandwa na hofu, akapiga saa nyingi mno, akaja Ijumaa anajikanda kifundo cha mkono. Nikamwambia habari za Robert Schumann, aliyetamani vidole vyenye nguvu haraka, akaharibu mkono wa kulia akiwa kijana na kuacha ndoto ya kuwa mpiga piano. Alinisikiliza kwa heshima, akaenda kupiga tena.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri, mwezi wa Julai, kiangazi, vumbi la malori likiwa limetanda barabarani. Kufika ukumbini, kila mwanafunzi alipewa dakika kumi za kuijaribu piano. Kifuniko kilikuwa wazi. Kijana aliinama ndani, akashangaa.

"Mwalimu, hii si shaba?"

Ilikuwa shaba. Nyuzi za besi ni chuma kilichozungushiwa waya wa shaba, ili ziwe nzito na zilie chini bila kuwa ndefu kama ukumbi wenyewe. Alicheka kwa furaha, mtoto wa Kolwezi amekutana na ndugu yake mjini. Kisha akakaa, akabonyeza, akanitazama.

"Iko nzito."

"Si nzito. Ile yako ndiyo nyepesi."

Kibao cha piano kinataka uzito wa gramu kama 50 kabla hakijashuka, na nyuma yake kuna nyundo inayorushwa. Kinanda chake kilikuwa na plastiki na springi. Dakika zilibaki nane. Mtu mwenye busara angezitumia kujaribu pedali, ambayo hakuwahi kuwa nayo, au angemwita Yaya wapige vipimo viwili tu vya Ave Maria, na balaa lote lingejulikana pale pale, mapema, wakati bado kuna la kufanya. Yeye alifanya alichozoea kufanya. Alifungua Clementi, ukurasa wa kwanza. Nami nilisimama pembeni natikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu ulikuwa mzuri kweli.

Umeme ulikatika ukumbini watu walipokuwa wanakaa. Aligeuka akanitazama, akatabasamu: piano haihitaji umeme. Kati ya mambo yote aliyoyaogopa kwa wiki nane, hilo peke yake ndilo lisilomdhuru.

Mwendo wa kwanza wa Clementi ulipita vizuri. Wa pili, ule wa taratibu, ulipita. Wa tatu alianza kwa kasi kupita kiasi, akafika pale pale, mkono wa kushoto ukateleza. Kimya. Na hapo alifanya kitu ambacho watu walidhani ni woga, lakini mimi nilikijua. Alirudi mwanzo. Akateleza tena, akarudi tena. Kwa wiki nane alikuwa amejizoeza jambo hilo kwa bidii kuliko noti yoyote: kuteleza na kurudi mwanzo. Mwili ulimtii. Mara ya tatu aliruka vipimo kadhaa akaangukia kwenye sauti za mwisho, watu wakapiga makofi yale ya kumwonea mtu huruma.

Katika Chopin aliweka mguu kwenye pedali na kuusahau hapo, kama dereva aliyelala juu ya mafuta. Prelyudi ile ya mi minori yote iko katika mkono wa kushoto, sauti zinazoshuka nusu hatua kwa nusu hatua. Pedali isipoinuliwa, kila sauti inamwagikia nyingine mpaka huwezi kujua ipi imekufa na ipi imezaliwa.

Kisha Yaya akapanda jukwaani. Kijana aliketi vizuri, akavuta pumzi, na mkono wake wa kushoto ukaenda juu, pembeni, kwenye mbao nyeusi za piano. Ukagusa. Ukapapasa kidogo. Nilikuwa safu ya pili, nikauona mkono ule unatafuta kitufe kwenye mbao iliyong'arishwa, na ndipo nilipoelewa, kwa sekunde moja, kila kitu nilichokuwa sijakiangalia kwa mwezi mzima.

Alipiga katika do. Angefanya nini? Yaya alisikia utangulizi uko juu, nikaona anameza mate, lakini mwimbaji wa kwaya zetu haachi wimbo uliokwisha kuanza. Mahali alipotayarisha fa, ilibidi afike sol. Alifika. Mishipa ya shingo ilimsimama, mama mmoja mbele yangu akasema "Ee Yesu" kwa sauti ndogo, na alifika. Tulipanda basi la kurudi kesho yake, Yaya akakaa nyuma kabisa, na hakusema neno na mtu yeyote mpaka Likasi.

Pale Likasi, basi liliposimama, alinunua karanga, akaja akamwekea kijana mkono uliojaa kwenye kiganja. "Utajifunza ile si bemoli," alisema. "Mimi koo langu halina kitufe."

Kijana hakujibu. Alikuwa na karatasi za Clementi magotini, zimefunguliwa ukurasa wa mwisho, na mkono wa kushoto, peke yake, ulikuwa unatembea juu ya paja. Vipimo vinne. Halafu vile vile vinne. Nilitaka kusema neno la kiualimu, nikaona heri niangalie malori.

Jumapili iliyofuata kiongozi wa kwaya alikuja kwangu baada ya ibada, amekasirika. Alisema mtoto amebandika plasta juu ya kile kitufe, plasta ya kidonda, na hataki mtu aiguse. Nyimbo zinakwenda kama msafara wa mazishi, maana anatafuta bemoli moja moja huku watu wanamngoja, na mchungaji ameuliza kama kuna mgonjwa.

"Umemharibu, Mwalimu," aliniambia. "Alikuwa anapiga vizuri."